Mpiga Picha wa Garimoshi la Mwisho

Babu yangu alifanya kazi ya reli miaka 27, na sina hata picha moja yake akiwa karibu na injini. Picha aliyotuachia ni ya kitambulisho: uso mbele, masikio yote mawili yaonekane, kofia chini. Mtu aliyeshinda ndani ya mvuke na oili kuanzia 1958 hadi 1985, lakini ukiiangalia picha ile unaweza kudhani alikuwa karani wa posta.

Naanza na babu ingawa makala hii ni ya mtu mwingine kabisa, Mmarekani aliyeitwa O. Winston Link. Nataka ujue mapema kwa nini kijana wa Nairobi anamkumbuka mzee wa Brooklyn aliyekufa mwaka 2001, wakati mimi bado sijajifunza kusoma.

Nilikutana naye bila kumtafuta. Mteja mmoja alitaka maneno 800 kuhusu sehemu za kutembelea Nairobi, na mimi nikaiweka Makumbusho ya Reli kwenye orodha. Saa saba usiku, bando linaelekea kwisha, natafuta picha ya garimoshi ya kusindikiza makala. Ikatokea moja ambayo haikuwa na uhusiano wowote na Nairobi.

Ni usiku. Magari yamepangwa safu kwa safu uwanjani, watu wanatazama sinema wakiwa wameketi ndani ya magari yao. Kwenye skrini kuna ndege ya kivita. Hapo mbele, kijana na msichana wameegemeana ndani ya gari lisilo na paa. Na nyuma yao wote, upande wa kulia, treni inapita ikitoa moshi mweupe kama pamba, jitu zima la chuma, na hakuna anayeonekana kulijali. Picha ilipigwa Agosti 1956 katika mji mdogo wa Iaeger, jimbo la West Virginia. Niliikodolea macho mpaka bando likaisha, na makala ya mteja ikachelewa.

Link alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 16 Desemba 1914. Alisomea uhandisi wa ujenzi, akahitimu mwaka 1937, halafu hakuufanyia kazi uhandisi huo. Akawa mpiga picha wa kampuni na wa matangazo: leo picha ya kiwanda, kesho picha ya bidhaa. Upigaji picha alijifunza mwenyewe. Hapo nilicheka peke yangu, kwa sababu mimi nilisomea uhandisi huohuo nikaishia mwaka wa tatu, karo iliposhindikana. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na cheti cha kukiacha nyumbani.

Januari 1955 alikuwa mjini Staunton, Virginia, kwa kazi ya kawaida ya kampuni: kupiga picha za mashine za kupoza hewa. Jioni akajua kwamba mji wa Waynesboro, si mbali na hapo, unapitiwa na reli ya Norfolk and Western. Alikuwa amezipenda treni tangu utotoni, basi akaenda kutazama. Usiku wa tarehe 21 Januari akarudi na kamera na balbu zake, akapiga picha yake ya kwanza ya reli hiyo.

Ili kuelewa kilichomshika, lazima uijue kampuni yenyewe. Katikati ya miaka ya 1950 reli karibu zote kubwa za Marekani zilikuwa zimehamia dizeli au zinahama mbio. Norfolk and Western ilikuwa imebaki na mvuke. Sababu haikuwa mapenzi ya kale. Kampuni hiyo ilikuwa inabeba makaa ya mawe kutoka milima ya Virginia na West Virginia. Makaa ndiyo mzigo wake na ndiyo chakula cha injini zake. Injini zenyewe ilikuwa inaziunda katika karakana zake mjini Roanoke. Mtu mwenye shamba la mahindi hana haraka ya kununua mkate.

Lakini hesabu ni hesabu. Mei 1955, miezi minne tu baada ya ile picha ya kwanza, kampuni ikatangaza kwamba dizeli zinaanza kuingia. Link akaelewa kwamba anachokipiga picha kina siku zake. Aliomba ruhusa kwa wakubwa wa kampuni, akapewa, na kuanzia hapo hadi 1960 alifunga safari kama 20 kutoka New York kwenda kusini. Hakuna aliyemtuma. Hakuna gazeti lililomlipa. Gharama zote zilitoka mfukoni mwake, pesa za matangazo zikiliwa na balbu. Alipomaliza alikuwa na negativu kama 2,400.

Sasa tuzungumze kuhusu balbu, maana hapo ndipo uhandisi ulipomrudia.

Link alipenda kupiga picha usiku. Alikuwa akieleza kwamba jua huwezi kulihamisha, na reli pia huwezi kuihamisha, kwa hivyo mchana unapiga picha kwa masharti ya wengine. Usiku giza linafuta kila usichokitaka, halafu wewe unaamua nini kionekane. Na mvuke, mchana huwa kijivu tu, lakini ukimulikwa usiku unang'aa kama wingu.

Tatizo ni kwamba treni haisimami ikusubiri. Inakuja kwa mbio, unapata nafasi moja. Balbu za fleshi za siku zile zilikuwa zinawaka mara moja zikaungua. Kila picha, seti mpya. Na kumulika treni nzima pamoja na uwanja, mto au nyumba, balbu moja haitoshi. Ile picha ya Iaeger ilimla balbu zaidi ya 40. Link akajitengenezea mtambo wake wa umeme ambao uliweza kuziwasha balbu zote pamoja, na kufyatua kamera hata tatu kwa wakati mmoja. Balbu ziliunganishwa kwa mfululizo, kama taa za Krismasi za zamani: waya mmoja ukikatika, hakuna hata moja inayowaka. Ilionekana ni udhaifu, kumbe alikuwa amefanya makusudi. Afadhali zote zigome ujue kuna kasoro, kuliko nusu ziwake na picha iharibike bila wewe kujua.

Kwa hivyo picha ya sekunde moja ilitanguliwa na kazi ya saa nyingi, wakati mwingine siku: yeye na msaidizi wake wakiburuta nyaya gizani, wakipanda juu ya mapaa na miti, wakikagua viungo kimoja kimoja. Halafu treni inapita. Mwanga, basi. Unakunja nyaya.

Sisi Wakenya umeme tunauita stima. Wazee wa pwani waliposema stima walimaanisha meli inayokwenda kwa mvuke. Neno moja limehama kutoka nguvu ya zamani hadi nguvu mpya, na sisi hatukuona. Link aliiaga stima ya kwanza kwa kutumia stima ya pili.

Kuna waliomlaumu kwamba picha zake ni maigizo. Ni kweli alikuwa akiwapanga watu. Lile gari la mbele pale Iaeger lilikuwa lake, na vijana wale aliwaketisha mwenyewe. Hata ile ndege: mwanga wa balbu uliifuta sinema kwenye skrini, ikabidi aipige picha ya skrini peke yake na kuziunganisha baadaye wakati wa kusafisha picha. Kwa mtu wa historia hilo ni swali halali. Picha iliyopangwa ni ushahidi wa nini?

Jibu langu ni hili. Treni ilipita kweli, uwanja wa sinema ulikuwepo kweli, na watu wa Iaeger walikuwa wakitazama filamu jitu likipita nyuma yao kila usiku. Link alichokipanga ni mwanga na viti. Uhusiano wa mji na reli yake hakuuvumbua. Tazama zile nyingine. Mjini Luray, Virginia, mwaka 1956, watoto wanaogelea mtoni usiku na treni inapita kwenye daraja juu ya vichwa vyao. Mjini Lithia, familia imeketi sebuleni na injini inapita hapo hapo nje ya dirisha. Katika kituo cha Green Cove, mchana safari hii, farasi aliyefungwa kwenye mkokoteni ameinamisha kichwa treni ikiingia, utadhani anaisalimia shikamoo. Wapiga picha wengi wa treni walipiga treni. Huyu alipiga watu wanaoishi na treni, na ndiyo sababu hata mimi nisiyejua aina moja ya injini kutoka nyingine nilishikwa.

Nisiwe mnafiki lakini. Virginia hiyo ya 1955 ilikuwa na sheria za kuwatenga Weusi, shuleni, mikahawani, kwenye vyombo vya usafiri. Ukizitazama picha zake maarufu, zile za sinema na sebule, unaona Marekani tulivu isiyo na ugomvi. Kamera inaweza kusema kweli kuhusu garimoshi na ikanyamaza kuhusu mambo mengine. Nampenda Link, na hilo nalijua.

Hata huku kwetu miaka hiyo haikuwa tulivu. Wakati Link anaburuta nyaya, Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960. Na jambo lililonishangaza zaidi nilipolinganisha tarehe ni hili: mwaka 1955, mwaka ule ule Norfolk and Western ilipotangaza kwamba mvuke unakwisha, Reli ya Afrika Mashariki ilikuwa inapokea injini mpya za mvuke kutoka Manchester.

Ndizo zile Garratt za daraja la 59. Zilitengenezwa na Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956, jumla 34, kwa ajili ya kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 250, na hakuna reli nyingine ya upana wa mita moja duniani iliyokuwa na injini za mvuke zenye nguvu kuliko hizo. Hazikula makaa, zilichoma mafuta. Boila inaning'inia katikati, na kila upande kuna seti yake ya magurudumu, ili chuma kirefu namna hiyo kiweze kukata kona za Ukambani. Zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki: Mount Kenya, Mount Gelai, Mount Shengena. Kule mvuke ulikuwa unaagwa kwa balbu 40, huku ulikuwa unakaribishwa. Nao ukaja ukaisha vile vile. Kufika 1980 za daraja la 59 zilikuwa zimeondolewa kazini.

Babu aliingia kazini 1958, akiwa na miaka 20, katika karakana ya Nairobi. Kazi yake ilikuwa kuosha boila. Maji yenye chumvi yakichemka kila siku yanaacha ukoko ndani, kama sufuria ya chai isiyosuguliwa, na ukoko ukiwa mnene boila inapata joto vibaya na inaweza kuleta maafa. Kwa hivyo injini inapoozwa, vizibo vinafunguliwa, mtu anaingiza mpira wa maji na chuma kirefu, anakwangua mpaka tope limalizike. Hiyo kazi haina kengele wala bendera. Abiria hawezi kuijua. Alikuwa anaishi Muthurwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba kimoja, na alikuwa akisema kwamba hata amelala aliweza kujua ni injini gani inatoka kwa kusikiliza pumzi zake.

Link angemwelewa. Maana yule mtu hakuishia kwenye picha, alibeba pia mashine ya kurekodi sauti, na kuanzia 1957 akatoa santuri za milio ya treni. Ya kunigusa kuliko zote ni ya mkesha wa Krismasi 1957 katika kijiji cha Rural Retreat, Virginia: nyimbo za Krismasi zinasikika kutoka kanisani, halafu treni inafika, inapumua, inapiga honi na kuondoka, na mlio wake unapungua pole pole mpaka zinabaki zile nyimbo. Nilisikiliza kwa simu, ndani ya matatu, na nikapitisha stejini kwangu.

Mwaka 1960 mvuke ukaisha Norfolk and Western. Link akarudi New York kwenye matangazo yake. Na hapa kuna jambo ambalo mtu anayeishi kwa kazi za hapa na pale kama mimi anapaswa kulisikia vizuri: kwa zaidi ya miaka 20, ulimwengu wa sanaa haukumtaka. Picha zilikaa kwenye maboksi. Mpaka mwaka 1983 ndipo maonyesho yalipoanza kumpa jina; mwaka 1987 kikatoka kitabu chake cha kwanza cha picha hizo, *Steam, Steel & Stars*, akiwa na miaka 72. Baada ya hapo zikawa mali kiasi cha kuibwa: mwaka 1996 mahakama ya New York ilimtia hatiani mke wake wa pili kwa wizi wa picha zake. Filamu ya *October Sky* ya mwaka 1999 ikampa nafasi ndogo ya kuigiza, na unajua walimpa kazi gani? Dereva wa garimoshi. Alifariki tarehe 30 Januari 2001, akiwa na miaka 86. Mwaka 2004 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa mjini Roanoke, ndani ya kituo cha zamani cha abiria cha reli ile ile aliyoipiga picha.

Watu humsifu Link kwa ufundi. Mimi naona ufundi ulikuja wa pili. La kwanza ni kwamba aliijua treni jioni, na usiku uliofuata alikuwa pale na balbu. Hakusema mwezi ujao.

Mimi nilisema mwezi ujao.

Babu alikuwa akiniita Injinia tangu siku niliyopata barua ya chuo. Mwishoni mwa 2019 aliniambia, "Injinia, siku moja nipeleke pale makumbusho, nipigwe picha na Gelai. Nimemwosha sana yule." Injini namba 5918, Mount Gelai, imesimama pale Makumbusho ya Reli, nyuma ya kituo kikuu cha Nairobi. Nauli haikuwa shida kubwa. Simu yenye kamera nilikuwa nayo. Shida ni kwamba nilikuwa nimeacha chuo miezi kadhaa nyuma na sikuwa nimemwambia. Kila nikienda nyumbani lilikuja swali, "Masomo yanaendaje?" na mimi nikajibu, "Vizuri tu, babu." Siku nzima na yeye makumbusho, akinionyesha vyuma na kuniuliza maswali ya kihandisi, niliona sitaiweza. Nikaahirisha. Aprili 2020 Nairobi ikafungwa kwa sababu ya korona, watu wasiingie wala kutoka. Ilipofunguliwa Julai, yeye alikuwa haendi mbali na kitanda. Machi 2021 tukamzika, na kwenye kijitabu cha mazishi tukaweka ile picha ya kitambulisho, imekuzwa mpaka ikapata ukungu.

Mwaka jana, baada ya miezi ya kumsoma Link, nilimpigia simu mzee mmoja aliyekuwa jirani ya babu Muthurwa na kufanya naye kazi karakana moja. Nikamwomba twende makumbusho. Akauliza lini. Nikasema kesho, kama ana nafasi. Akacheka, "Mbona mbio hivyo?"

Alikuja amevaa koti. Alimzunguka Gelai mara mbili bila kusema neno, akigonga hapa na pale kama daktari. Kisha akasimama ubavuni mwa boila na kuelekeza kidole kwenye kizibo kimoja. "Hapa ndipo babu yako alikuwa anaanzia. Kila mtu alikuwa na kizibo chake cha kuanzia." Nikampiga picha akiwa ameelekeza kidole vile. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua liko mahali pabaya kabisa, nusu ya uso wake imo kivulini. Sikuwa na balbu hata moja. Mzee akataka nami niingie, mlinzi akatupiga wawili.

Wakati tunatoka akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia naandika, na kwamba chuo sikumaliza. Ni mtu wa kwanza wa rika la babu niliyemwambia. Akasema, "Sawa. Basi andika namba ya injini, usije ukasahau."

Nilizichapisha picha mbili kwa fundi wa mtaani, nakala mbili mbili. Moja nilimpelekea mzee. Nyuma ya yangu nimeandika kwa kalamu: Mount Gelai, 5918, kizibo cha tatu, na jina la babu. Kama kwenu kuna mzee wa reli ambaye bado anaweza kutembea hadi kituoni, muulize alikuwa anasimama wapi. Na kama atajibu leo, nendeni kesho.